Mwaka Malaika Gabrieli Alipohamishwa

Saa kumi na moja na dakika arobaini asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini, nilipiga kengele ya kanisa. Ilipaswa kupigwa saa kumi na mbili kamili. Saa ya mkono niliyoazima kwa shemeji yangu ilikuwa mbele kwa dakika ishirini, na mlima mzima ukaamka kwa hesabu ya shemeji. Katekista Makori, ambaye ndiye angenifundisha kazi, alifika akiwa amevaa koti juu ya nguo za kulalia. Alisimama mlangoni akaniuliza ni nani amekufa, maana kengele ya kabla ya wakati kwetu ina habari moja tu. Nikamwambia hakuna. Akaitazama ile saa mkononi mwangu, akasema, "Kuanzia leo, kijana, usiamini saa ya mtu." Nilinunua yangu mwezi uliofuata, na hadi leo naiweka sawa kila Jumamosi.

Hiyo ilikuwa parokia ndogo upande wa Nyamira. Nilikaa pale miaka sita, nikahamia parokia ya upande wa Nyacheki, kwenye chai, na huko ndiko nilikomalizia. Jumla ni miaka thelathini na mmoja, nikiwa karani wa ofisi na pia msakristia, mtunza mavazi na vyombo vya Misa, kwa sababu parokia zetu hazina watu wawili wa kazi mbili. Ninaandika haya nyumbani kwangu Kiogoro, kwa ajili ya makarani na wasakristia wa dekania yetu ambao wameanza juzi na wamenipigia simu mara nyingi kuuliza mambo. Mshahara sitauzungumzia. Haukuwa mrefu kiasi cha kuzungumziwa.

Nilisoma hadi darasa la nane. Mengine yote nimeyapata katika vitabu vilivyoachwa sakristiani na mapadri waliohama, na katika daftari la Makori, ambalo alinipa nilipohamia Nyacheki. Daftari hilo lilikuwa na jalada jeusi na lilifungwa kwa utepe wa kasula iliyochakaa, vazi la juu la padri la Misa. Kila ukurasa ulikuwa mwezi mmoja, na kila siku ilikuwa na alama ya penseli ya rangi: nyekundu kwa mashahidi na Pentekoste, nyeupe, ambayo aliichora kama duara tupu, kwa Bwana, Bikira Maria na watakatifu wasiokuwa mashahidi, zambarau kwa Majilio na Kwaresima, kijani kwa siku za kawaida. Makori alikuwa akisema kwamba mtu akijua rangi ya kesho, nusu ya kazi ya kesho ameimaliza leo.

Nusu nyingine ni mikono. Majivu ya Jumatano ya Majivu yachomwe kutokana na matawi ya mwaka uliopita, yaliyokauka vizuri, ndani ya sufuria kuukuu, mahali pasipo na upepo. Kisha yachujwe kwa chujio la chai lisilotumika tena kwa chai. Usiyakoroge na maji mengi, maana ukifanya hivyo utawabandika watu tope. Matawi yawe ya mkindu. Mwaka mmoja kigango kimoja, kanisa dogo lililo chini ya parokia, kilileta majani ya ndizi siku ya Matawi, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu, na mwaka uliofuata nikapata majivu mepesi yaliyopeperuka kabla ya kufika kwenye paji la uso. Mishumaa ya Mtakatifu Blasi, tarehe tatu Februari, hufungwa kwa umbo la msalaba kwa utepe mwekundu, ikawekwa shingoni mwa mtu bila kuwashwa. Nasisitiza hilo la kutowashwa. Sitasema ni kwa nini, ila yule mama alinisamehe na nywele zilirudi.

Kasula ya rangi ya waridi, ya Jumapili ya tatu ya Majilio, hatukuwa nayo. Tulikuwa na ya zambarau ambayo mfuaji aliitia dawa ya kung'arisha nguo kwa bahati mbaya. Iliishia kuwa waridi kabisa, na tuliitumia miaka kumi na minne. Mapadri wageni waliisifu.

Mwezi wa Novemba una hatari yake. Watu huleta bahasha zenye majina ya marehemu wao ili wasomewe. Katika mwaka wangu wa pili nilisoma orodha ya ukoo mmoja hadi mwisho, na mzee mmoja akasimama kwenye benchi la tatu akasema kwa upole kwamba yeye yupo. Mpwa wake alikuwa ameandika jina la mwenye familia juu ya bahasha, nami nikalisoma pamoja na wafu. Tangu siku hiyo kila bahasha niliifungua mbele ya aliyeileta, nikauliza jina moja moja. Foleni ilikuwa ndefu, lakini hakuna aliyezikwa tena akiwa hai.

Wazazi pia walikuja kutafuta majina ya ubatizo. Walitaja siku aliyozaliwa mtoto, nami niliwatajia mtakatifu wa siku hiyo. Wengine walikubali papo hapo. Wengine walisikia jina, wakatazamana, wakaniuliza kama mtoto anaweza kuhesabiwa kuwa alizaliwa kesho yake. Nilikuwa mkali kuhusu hilo. Ndiyo maana akina Polikapi ni wengi sana katika milima hii.

Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote, na iliyokaribia kunivunja, ni kalenda.

Kila kigango chetu kina mtakatifu wake, tunayemwita somo, na siku ya somo ndiyo siku kubwa ya kigango kushinda hata Krismasi. Parokia ya Nyacheki ilikuwa na vigango kumi na kimoja. Kila Desemba tulichapisha kalenda ya ukutani ikionyesha masomo yote, Jumapili zote na tarehe za mafungo. Watu waliitundika sebuleni, wakaandika juu yake siku ya kupeleka ng'ombe kupandishwa, siku ya ada ya shule, siku ya bonasi ya chai. Kwa hiyo kosa langu moja lingetundikwa katika nyumba mia nne.

Makori alikuwa amenionya juu ya mwezi wa Machi. Pasaka hutembea, na ikija mapema hukanyaga sikukuu mbili ambazo hazitembei: Mtakatifu Yosefu, tarehe kumi na tisa, na Kupashwa Habari, tarehe ishirini na tano, siku malaika Gabrieli alipomletea Maria habari. Juma Takatifu halikubali sherehe nyingine yoyote ndani yake. Yosefu akiangukia humo, hurudishwa nyuma hadi Jumamosi kabla ya Matawi. Kupashwa Habari kukiangukia humo, au katika wiki ya Pasaka yenyewe, husogezwa mbele hadi Jumatatu baada ya Jumapili ya pili ya Pasaka. Makori alinikaririsha hivi: mume hutangulia kutayarisha nyumba, mama hufuata baadaye. Nilichukua miezi minne kujifunza kukokotoa Pasaka mwenyewe kwa jedwali la kitabu cha zamani cha Misa, na nilijivunia jambo hilo kupita kiasi.

Kosa nililifanya nikiwa na uzoefu wa miaka mingi. Ofisi ilipata kompyuta. Nilichukua kalenda ya mwaka uliokuwa unaisha, nikabadilisha siku za juma, nikahamisha Pasaka, Majivu na Pentekoste, nikaridhika. Daftari jeusi lilikuwa kabatini, hatua mbili kutoka nilipokaa. Sikulifungua.

Mwaka huo Jumatano ya Majivu iliangukia siku ambayo vijana hupeana maua. Baadhi yao walikuja kuuliza kama kufunga kunaweza kuahirishwa hadi Alhamisi. Nilikuwa nimewajibu hapana kwa mara ya sita, bado nina majivu kwenye kucha, Mama Kerubo alipoingia ofisini na kalenda yangu imeviringishwa chini ya kwapa.

Lazima nieleze Mama Kerubo ni nani. Alikuwa wa kigango cha Kupashwa Habari, kilicho juu kabisa kwenye mashamba ya chai, na ndiye aliyeongoza mapishi ya siku ya somo tangu kabla sijafika parokia ile. Katika kigango hicho hakuna anayechuma chai siku ya somo. Mwenyekiti huwaambia watu wa kituo cha chai mapema, na lori halipandi. Viti huazimwa kwa majirani zetu Waadventista, ambao hutoa siku yoyote isipokuwa Jumamosi, nasi huwapa vyetu wanapokuwa na makambi. Mama Kerubo ndiye aliyejua sufuria ipi ni ya nani, na mchele wa watu mia tatu unataka maji kiasi gani.

Lakini alipopika, alipika akiwa nje ya Komunyo, yaani haruhusiwi kuipokea. Aliolewa kimila miaka thelathini na minane nyuma, na ndoa haikubarikiwa kwa sababu ng'ombe wawili wa mahari walibaki. Kaka zake walikataa kusimama naye kanisani mpaka ng'ombe hao wafike. Wa kwanza alifika miaka michache kabla ya hapo. Wa mwisho alifika Januari ya mwaka huo, na kaka zake wakasema sasa sawa. Mume wake, Mzee Nyaberi, naye akakubali. Alikuwa ameanza kuvimba miguu, na daktari wa mjini Kisii alikuwa amewaambia kwamba moyo wake umechoka na wasipange mambo ya mbali.

Mama Kerubo alikunjua kalenda mezani kwangu. Tarehe ishirini na tano Machi ilikuwa imezungushiwa kalamu nyekundu, mizunguko mitatu. Alitaka niandike ndoa yake siku hiyo, siku ya somo, mbele ya kigango kizima.

Nilifungua kitabu kikubwa cha liturujia ili nimchagulie masomo ya Misa. Nikafika tarehe ishirini na tano. Juu ya ukurasa paliandikwa: Jumatatu ya Juma Takatifu. Alama ilikuwa ya zambarau.

Niliusoma ukurasa huo mara ya pili, kidole juu ya alama, hadi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia tarehe si sahihi. Nikamweleza juu ya Pasaka, na kwamba sherehe yao mwaka huo ni tarehe nane Aprili, Jumatatu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hii kalenda ni nani aliandika?"

"Mimi, Mama."

"Na malaika alikuja kwa Maria tarehe gani?"

"Ishirini na tano."

"Basi kwa nini asikuje siku yake?"

"Juma Takatifu halipishi mtu."

"Hata malaika?"

"Hata malaika."

Alianza kuviringisha kalenda polepole, akihakikisha kingo zinalingana. Kisha akasema, bila kuinua sauti, "Karani, sikukuu inaweza kuhamishwa. Mzee wangu hawezi."

Alipoondoka, nilifunga ofisi kwa ndani nikakaa. Wiki mbili si kitu kwa kalenda. Kwa mtu ambaye daktari amemwambia asipange mambo ya mbali, wiki mbili zinaweza kuwa ndizo zote alizo nazo. Na Nyaberi akifa kabla ya tarehe nane, Mama Kerubo angebaki mjane wa ndoa isiyobarikiwa, na angekuwa amekosa kwa siku kumi na nne kitu alichokingoja miaka thelathini na minane. Angekosa kwa sababu mimi sikutembea hatua mbili hadi kabatini.

Nilimwendea paroko siku hiyo hiyo. Fada Okelo ni kijana wa upande wa ziwani, na wazee wetu humwita Fada na si Baba, maana baba katika Ekegusii ni mama, na mwanzoni walicheka hadi ibada ikachelewa. Alinisikiliza, na hakunikemea, jambo lililoniumiza zaidi. Alisema mgonjwa hahitaji kungoja sikukuu. Yeye angekwenda kubariki ndoa nyumbani kwao wiki hiyo hiyo, akaleta na Komunyo. Niliondoka nikiwa nimepumua nusu.

Tulipanda huko Ijumaa, Fada akiwa na stola, ule utepe wa shingoni wa padri, mfukoni. Mzee Nyaberi alikuwa ameketi nje ya nyumba, miguu juu ya gunia la mbolea. Fada alimweleza mpango. Mzee alimwacha amalize, kisha akatikisa kichwa.

"Fada, ng'ombe za huyu mama nilizipeleka kwao nikitembea. Kanisani pia nitaingia nikitembea. Ndoa ya kitandani ni ya mtu anayekufa. Mimi sijasema nakufa."

"Huyu hata kufa atataka aombwe," Mama Kerubo alisema kutoka mlangoni.

Fada alimgeukia yeye, akamuuliza anavyotaka. Alijipangusa mikono kwenye leso kwanza. Alisema kila mwaka siku ya somo watu wanakula meza mbili, ya altare na ya nje, na yeye miaka yote amekula moja. Angependa mwaka mmoja ale zote mbili siku moja, na watu wake. Lakini hatamlazimisha mzee kulala ili aolewe.

Mzee Nyaberi akanitazama. "Ni wewe ulihamisha malaika?"

"Si mimi, Mzee. Mimi nilisahau kwamba amehamishwa."

"Alipelekwa wapi?"

"Tarehe nane Aprili."

Alifikiri. "Hapo ni karibu. Kijana wangu mwalimu walimpeleka Wajir."

Basi ikaamuliwa hivyo. Fada alimwambia Mama Kerubo kwamba mzee akizidiwa, saa yoyote, apige simu, naye atakuja na mafuta ya wagonjwa na stola bila kumuuliza mzee chochote. Aliniagiza niweke vitu hivyo kwenye mkoba mmoja karibu na mlango wa sakristia. Mkoba ulikaa pale wiki saba. Kila nilipoupita niliugusa kuhakikisha upo.

Mimi nilikuwa na kazi ya kurekebisha. Nilinunua karatasi ishirini za gundi. Kila moja niliikata vipande arobaini, jumla vipande mia nane, viwili kwa kila kalenda: kimoja cha kufunika tarehe ishirini na tano Machi, kingine cha kuandika sherehe tarehe nane Aprili. Nilitembelea vigango viwili kila Jumapili ya Kwaresima. Baada ya Misa nilisimama mbele nikasema: kalenda ina kosa, na kosa ni langu. Kisha niliketi kwenye meza, watu wakapanga foleni na kalenda zao, nami nikabandika. Baadhi walileta ya mwaka uliopita. Mmoja alileta ya duka la dawa za mifugo, akasema kwa kuwa niko hapo nimwangalizie na hiyo. Niliiangalia. Haikuwa na kosa.

Lori la chai likaambiwa. Waadventista wakaambiwa, na mzee wao akauliza kwa heshima kama sisi huwa tunajua sikukuu zetu ni lini. Kaka za Mama Kerubo, mmoja mwenye duka Nyamira mjini na mwingine fundi wa mabomba, nilikwenda kuwaona mwenyewe, kwa sababu jambo la namna hiyo halisemwi kwa simu. Mwenye duka alisema wao walingoja ng'ombe miaka mingi hivyo, wiki mbili hazitawashinda.

Kuna nyumba moja ambayo haikukubali kubandikwa. Mama Kerubo alisema nimwachie mizunguko yake mitatu kama ilivyo, ili akumbuke ni nani wa kulaumiwa.

Ikafika Jumatatu ya Juma Takatifu, tarehe ishirini na tano. Nilikuwa sakristiani nikihesabu hostia, mikate ya Komunyo, za Alhamisi Kuu simu ilipoita. Alikuwa Mama Kerubo. Nilichukua mkoba kabla sijapokea. Alisema mzee ameamka hawezi kupumua vizuri, na kijana wa jirani amewachukua kwa gari, wako njiani kwenda hospitalini Kisii. Nilimkabidhi Fada mkoba, naye akaenda moja kwa moja huko. Alirudi jioni akasema amempaka mafuta, na mzee alikataa mambo ya ndoa kwa kichwa, kwa kuwa alikuwa na mpira wa hewa puani na hakuweza kusema.

Juma hilo nilifanya kazi yote niliyopaswa kufanya. Nilitandua altare Alhamisi usiku, nikafunika misalaba, nikatayarisha moto wa Jumamosi. Sikumbuki hata moja ya nyimbo.

Jumanne baada ya Pasaka walimruhusu. Madaktari walikuwa wametoa maji mengi mwilini mwake na kumbadilishia dawa. Alirudi nyumbani amekonda, miguu imepungua hadi mifupa ya vifundo ikaonekana tena, jambo ambalo Mama Kerubo alisema hajaliona kwa mwaka mzima. Nilipokwenda kumwona nilipiga hesabu kimya kimya. Kama sherehe ingekuwa tarehe niliyoichapisha, saa ile ya ndoa angekuwa amelala kwenye gari barabarani. Sisemi huo ni muujiza. Nasema ni tarehe tu, nami nimeshughulika na tarehe maisha yangu yote. Lakini niliketi kwenye lile gunia la mbolea, nikaihesabu tena.

Tarehe nane Aprili tulianza Misa saa nne kamili, kwa sababu mvua ya Aprili huko juu haingoji saa nane. Kutoka langoni hadi mlango wa kanisa ni hatua sitini na tatu. Mzee Nyaberi alizitembea zote, shemeji zake wawili wakiwa nyuma yake, karibu lakini bila kumgusa. Alisimama mara mbili. Mara ya kwanza alijifanya anatazama chai ya jirani. Mara ya pili aliinama kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Hakuna aliyecheka. Alipopita mlango kwaya ilianza kabla ya ishara, na sikuwakemea.

Fada alipomuuliza kama anamkubali Kerubo kuwa mke wake, alijibu ndiyo kabla swali halijaisha. Fada akalazimika kuanza upya. "Fada, si nimeshasema," alisema mzee, na hapo ndipo watu walipocheka.

Wakati wa Komunyo nilisimama kando ya Fada nikishika patena, kisahani cha kukingia Komunyo. Mama Kerubo alikuwa amekatazwa kabisa kukanyaga jikoni siku hiyo. Alipofika mbele na kunyoosha mikono, mikono ilinuka kitunguu. Fada aliisikia harufu pia, nilimwona. Akasema, "Mwili wa Kristo." Mama Kerubo akasema, "Amina," akapokea, akarudi mahali pake kando ya mume wake, akaketi.

Nje, wali ulishika chini ya sufuria mbili. Ulipikwa na wanawake waliopokezwa kazi asubuhi hiyo, na harufu ya kuungua ilifika mpaka kwenye hema. Mama Kerubo aliletewa sahani yake akiwa ameketi, kwa mara ya kwanza katika siku ya somo. Alikula wote, pamoja na ulioungua, na hakusema neno juu ya mapishi. Wale wanawake waliniambia baadaye kwamba wangependelea atukane.

Nilimaliza kazi mwaka huu, baada ya Kupalizwa Bikira Maria, tarehe kumi na tano Agosti, siku ambayo haijawahi kunisumbua kwa kuwa haitembei. Nilimkabidhi karani mpya funguo, muhuri, chujio la majivu na daftari jeusi. Nilimwambia kompyuta ni nzuri, ila afungue daftari kila Novemba, aanze na Machi. Mwaka ukigeuka sasa, Pasaka itatembea bila mimi, na hilo limenipa usingizi ambao sikuwa nao tangu nilipovaa saa ya shemeji.

Mzee Nyaberi bado yuko. Anatembea na fimbo hadi barabarani, ananipigia simu kila Januari kuuliza kama malaika ameachwa mahali pake mwaka huu, kisha analalamika juu ya bei ya chai. Mama Kerubo ameacha mapishi, au anasema ameacha.

Fada alitaka parokia ilipie gharama za marekebisho. Nilikataa. Karatasi za gundi, kuchapisha, makasi mapya, na bodaboda hadi vigango kumi na kimoja: nililipa mwenyewe. Hiyo ndiyo hasara yote ninayoijua niliyosababisha katika miaka thelathini na mmoja, nami nimeikubali kwa furaha. Ilikuwa shilingi elfu mbili, mia moja na arobaini.